Shikamoo ya Kivukoni

Mimi sishiki sura za watu. Tangu utotoni nawatambua kwa sauti na mwendo. Kivukoni Kamanga nilimpita mama mkwe bila kumpa shikamoo, naye akatangaza kwamba naringa. Nikaitiwa kikao kwake Nansio. Nikaeleza tatizo langu, wakacheka. Shemeji akawakalisha akina mama watano, mama mkwe akiwemo, kwenye mkeka, akawaambia wasiseme neno, kisha akanigeukia: "Haya, msalimie mama yako."

Nikamwinamia mmoja, nikampa shikamoo. Alikuwa jirani. Wakasema nimefanya makusudi, na mpaka leo sijawasamehe. Lakini aliyeniumiza zaidi ni mke wangu, anayejua tangu uchumba kwamba hata yeye namtambua kwa sauti na mwendo tu: alikuwa pale pale, naye akanyamaza.