Siku Mama Alipomshitaki Baba kwa Shefu

Baba yangu ndiye mtu wa kwanza kuleta ng'ombe kijijini kwetu, huku Kabambare, na ndiye mtu wa kwanza kuwafunga kama mbuzi. Nayasema yote mawili kwa mapenzi. Leo ni mzee wa meno machache, na bado ukimkumbusha habari za vigingi anageukia upande mwingine.

Alikuwa amechimba dhahabu Salamabila miaka mitatu. Wenzake waliobahatika walirudi na pikipiki, na redio kubwa, mmoja akarudi na mke wa pili. Baba alipotea miezi miwili, tukaanza hata kumlilia, halafu asubuhi moja akatokea upande wa mashariki kwa miguu, amekonda, kandambili zimeisha, anaswaga ng'ombe watano. Sisi ng'ombe tulimjua kwenye kopo la maziwa ya unga tu. Bibi yangu aliwaangalia, akauliza, "Na hii yote itakula nini?"

Baba akachonga vigingi vitano, akatafuta kamba tano. Kila asubuhi alihamisha kigingi kimoja kimoja, jinsi tulivyofanya na mbuzi tangu zamani. Ng'ombe si mbuzi, jamani! Akitaka kwenda, anakwenda na kigingi chake. Mwaka wa pili walikuwa tisa, kamba zilikatika kila wiki, na mashamba ya watu yakaliwa: muhogo wa huyu, karanga za yule. Baba alikwenda kuomba radhi huku anacheka, kibuyu cha maziwa mkononi, na watu walikipokea wakanyamaza. Alidhani wamesamehe. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini baba alikuwa na moyo mweupe hivyo, aliamini kila mtu anawapenda ng'ombe wake kama yeye. Alikuwa akiwaimbia. Sisi wanawe hakutuimbia hata siku moja.

Hakuna aliyempeleka kwa shefu, mkuu wa kijiji, kwa sababu shefu naye alikuwa anakunywa maziwa ya baba kila asubuhi. Ungeanzia wapi?

Siku moja mimi na mama tulikuwa mtoni tunaloweka muhogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jirani yetu mmoja akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, sitaki kesho useme sikukuambia. Wanaume sita wamepatana. Ng'ombe ikiingia tena katika shamba ya mutu, hawataita mwenyewe. Mikuki iko tayari."

Mama alimshukuru, akaendelea kuloweka. Njiani ndipo aliponiambia, "Ulichosikia, kimeze. Baba yako akisikia atachukua panga. Wale wako sita, na wako na mikuki. Tutazika mutu, si ng'ombe."

Nikameza. Lakini nilimpenda baba yangu sana, na kila alipotoka asubuhi na fimbo yake niliangalia njia mpaka arudi.

Wiki haikuisha. Ng'ombe jike mmoja mwekundu alikata kamba, akaingia kwenye mpunga, na mpunga wenyewe, bahati gani ile, ulikuwa wa mama. Akala na kukanyaga karibu nusu ya shamba. Nilingoja mama alie. Hakulia. Alijifunga kitambaa kichwani, akakamata kuku wake, akaenda kwa shefu kumshitaki mume wake.

Ee! Kijiji kizima kilikuja. Kwetu anayeshitaki huleta kuku wa kufungulia kesi, na baba alipomwona yule kuku alipiga kelele, "Hata huyo kuku nilimununua mimi!" Watu wakacheka mpaka shefu akapiga meza.

"Shefu," mama akasema, "mimi niko mukulima. Ng'ombe ya huyu mwanaume imekula mupunga yangu. Sheria yetu inasema nini?"

"Lakini mama, huyu ni mume wako. Mupunga ni ya nyumba moja."

"Wakati wa kulima, mugongo ulikuwa wangu peke yangu. Nauliza sheria."

Shefu alikuna kichwa. Sheria yenyewe hata mtoto aliijua: mnyama akila shamba, mwenye mnyama analipa. Na sasa angemkatalia vipi, mbele ya watu wote, mke wa mtu aliyekuja na kuku wake? Akakata kesi: baba atoe mtamba mmoja ampe mama, na ng'ombe wote wajengewe uzio kabla ya mwezi kuisha.

Mtamba akaletwa. Mama akashika kamba, akapita mbele ya baba bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa mwenye karanga, mume wa yule jirani wa mtoni. "Shamba yako imeliwa mara mbili na umenyamaza," akamwambia. "Chukua. Akizaa, mutoto wa kwanza apelekwe kwa mwenye muhogo." Yule bwana alipokea kamba kwa mikono miwili.

Baba akasusa. Siku nne hakuongea na mama, hakugusa chakula chake, na kwetu mwanaume akikataa chakula cha mkewe amekwisha kusema yote. Alikuwa anachoma muhogo huko huko machungani. Mama alipika kila siku wali na sombe, yale majani ya muhogo, akafunika, akangoja, kisha akatupatia sisi tule. "Mama yako ameniaibisha," baba aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilikaribia kutapika siri yote. Na mama pia nilimkasirikia, sitaficha.

Siku ya tano tulikuwa tunakata miti ya uzio, mimi na baba, tukaona wanaume sita wanakuja na mapanga. Mwenye karanga alitangulia, na mkononi alikuwa na mkuki. Akafika, akamkabidhi baba ule mkuki.

"Hii niliinoa kwa sababu ya ng'ombe yako," akasema. "Sasa na mimi niko na ng'ombe. Muke wako alijua. Muke wangu alimwambia mutoni. Tumekuja kukusaidia na uzio."

Baba aliugeuzageuza ule mkuki. Kisha akanitazama. "Na wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaacha miti, akaacha wageni, akaenda nyumbani, nami nyuma yake. Aliingia jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiingia, akaketi kwenye kigoda.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia, ungeenda kupigana na watu sita," mama akajibu. "Mimi ningebaki mujane na ng'ombe tisa. Ng'ombe ndiyo ingenipigia hadithi jioni?"

Baba akainama. Alikuwa analia, mwanaume mzima. Mama akafunua sufuria.

"Wali imepoa," akasema.

"Haidhuru," baba akasema, akanyoosha mikono anawishwe.