Kungoja Mkwaja ni Kazi

Kapteni Anjela hakuzaliwa mkorofi. Wanaosema hivyo ni watu wa ofisini, na watu wa ofisini humwita mkorofi yeyote anayeuliza swali la pili. Mimi ni rubani msaidizi wake, nimekaa kiti cha pembeni yake miaka mingi, nami nasema ni mpole mno kwa aliyofanyiwa. Ningekuwa mimi, ningeshatukana zamani. Sisi wa Chumbageni, Tanga, hatuna kifua hicho.

Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Muheza. Babu yake aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, na baba yake akarithi panga. Baba huyo akishakata na kufunga mizigo alikaa juani kungoja toroli lije kuichukua, na toroli lilikuja lilipotaka. Msimamizi alihesabu mizigo tu, jua hakulihesabu. Anjela ndiye aliyekuwa akimpelekea uji pale relini, na hadi leo ukimtajia toroli uso wake hubadilika. Alivyotoka kambini hadi akawa rubani ni hadithi ndefu ya masista, ufadhili na ukaidi. Mwenyewe huifupisha: "Hesabu nilikuwa nazo, na kukata tamaa sikufundishwa."

Tunarusha ndege ndogo ya injini moja. Tunakwenda Pemba, Unguja, Dar, na katikati ya hapo tunatua kwenye viwanja vya nyasi vya pwani, kuanzia Ushongo hadi Mkwaja, kwa ajili ya wageni wa mahoteli. Watu hudhani rubani akishatua kamaliza. Thubutu! Pale Mkwaja hakuna taa, hakuna uzio, hakuna mfanyakazi hata mmoja. Rubani ndiye mlinzi, ndiye mpagazi, ndiye wa kuwachekea wageni. Tena kabla ya kuondoka lazima mtu aitembee njia ya kurukia yote kwa miguu, kwa sababu ya ngiri. Ngiri hupenda nyasi fupi. Hupiga magoti wakala, wakishashiba huchimba, na gurudumu likiingia kwenye shimo lao mtasomwa magazetini.

Mwaka huu mkataba wetu ulipokaribia kwisha, kampuni ikaleta mpya wenye kifungu kinachosema kwamba muda wa kungoja kiwanjani, injini ikiwa imezimwa, ni mapumziko. Maana yake ovataimu imekwenda na maji. Mbaya zaidi, siku ya rubani yaweza kuvutwa hadi usiku, kwa kuwa saa za kungoja hazihesabiwi tena kwenye kikomo chake cha kazi. Tena wakaanza kukitumia kabla hatujasaini, eti majaribio.

Wenzetu wengi walikuwa tayari kusaini, na aliyewapa moyo ni Bryson, kijana wa Lushoto, rubani mzuri lakini redio mbao hasa. Tukiwa tunakunywa chai uwanjani Tanga, alikuja anahema.

"Zinakuja mbili!" alisema. "Za abiria sabini! Wenye ndege watakaotukodisha wanakuja wiki hii kumwona Mkurugenzi. Atakayesaini mapema ndiye atakayepelekwa mafunzo."

"Yakhe, mwaka jana ulisema zinakuja nne," nikamwambia.

"Safari hii ni kweli, Hamed. Na Kapteni Anjela ndiye wa kwanza kwenye foleni, kwa utumishi. Dada, saini tu. Kifungu kimoja kitu gani?"

Anjela akawa anaikoroga chai isiyo na sukari. Ndege kubwa ndiyo ndoto aliyobaki nayo. Mitihani yake yote alishaifanya kwa fedha zake mwenyewe, likizo baada ya likizo, na umri wa rubani haungoji mtu. Kiti hicho akikikosa safari hii, hatakipata tena.

"Wangesema kungoja wanakulipa nusu, ningefikiri," alisema mwishowe. "Lakini kuniambia kwamba nilikuwa napumzika? Hapana. Huo ni uongo, nami sitiliani saini na uongo."

Siku mbili baadaye tukapangiwa Mkwaja. Tuliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, tukazunguka visiwani, kisha tukatua Mkwaja mchana kuwangoja wageni wa Mkurugenzi, Bwana Nehemia, waliokuwa wakila naye hotelini. Wageni wenyewe ndio hao wenye ndege. Safari hii Bryson alikuwa kasema kweli.

Tulipozima injini, Anjela alifunga mlango wa ndege, akatia ufunguo mfukoni, akatandika mkeka chini ya banda la makuti.

"Kapteni, hatutembei njia?" nikamuuliza.

"Injini imezimwa?"

"Imezimwa."

"Basi tunapumzika, Hamed. Kampuni imetuonea huruma. Lala."

Akajifunika kanga, akalala kweli, hata akakoroma. Mimi sikupata usingizi. Nilikuwa nawatazama ngiri, mama na wanawe, wakichimba katikati ya njia kwa raha zao.

Jua lilikuwa limeshuka gari la hoteli lilipofika. Bwana Nehemia akateremka akicheka na wageni wake, wazee wawili na mama mmoja. Kicheko kikamkauka alipouona mkeka.

"Kapteni! Kulikoni?"

Anjela akaketi, akajitengeneza kilemba. "Shikamoo, Mkurugenzi. Nilikuwa napumzika."

"Tunaondoka sasa hivi. Wageni wanalala Dar. Mizigo mbona haijapokewa? Na wale nguruwe?"

"Ngiri. Hayo ni mambo ya kazini, Mkurugenzi, na mimi sikuwa kazini. Kifungu chako ndicho kinasema."

Bwana Nehemia alimsogelea, akashusha sauti. "Usinivunjie heshima mbele za watu. Haya, ilikuwa kazi! Nimekubali. Twende."

"Ilikuwa kazi?" Anjela akanigeukia. "Hamed, tuko kazini tangu lini?"

"Tangu kabla ya adhana, Kapteni."

"Basi saa zetu za leo zimekwisha. Sheria ya anga hainiruhusu kurusha."

Nilimwona Bwana Nehemia akipiga hesabu, midomo ikimchezacheza. Nilijiuma ulimi nisicheke.

"Basi yalikuwa mapumziko!" akasema. "Umepumzika, una nguvu, rusha!"

"Sawa. Kama yalikuwa mapumziko, kazi inaanza sasa. Mimi na Hamed tunaikagua ndege. Njia bado haijatembewa, mashimo hayajafukiwa, na mizigo ni hiyo. Jua unaliona mwenyewe."

Mtu mzima akavua koti. Siwezi kusema uongo, aliitembea. Akaenda na viatu vyake vya ngozi hadi mwisho wa njia, akipiga makofi na kupiga kelele, na yule ngiri mama akamsimamia mkia juu asikimbie, hadi Mkurugenzi ndiye akakimbia. Akarudi, akachukua jembe lililokuwa kwenye gari la hoteli, akafukia. Mama yule mgeni aliniuliza ni nani hufanya kazi hiyo siku zote. Nikamwonyesha Anjela kwa kidole. Akamtazama Bwana Nehemia kule njiani, na hakuwa akicheka.

Mashimo yalikuwa bado hayajakwisha kufukiwa giza lilipoanza kushika miti. Anjela akafunga tena mlango wa ndege.

"Haturuki gizani," akasema. "Wageni warudi hotelini. Alfajiri tutawapeleka."

Usiku ule nilimwambia, "Watakufukuza." Akasema, "Najua." Nikaogopa kwa ajili yake.

Ijumaa tukaitwa ofisini sote, marubani wa zamu zote, tumebanana kwenye chumba chenye feni mbovu. Bwana Nehemia alikuwa na mkataba mbele yake. Hakutusalimu vizuri.

"Wenye ndege wamekubali," alisema. "Wamenipa sharti moja. Hawataki ndege zao ziendeshwe na watu waliochoka. Kifungu cha mapumziko kimeondolewa kwa marubani wote, wa ndege ndogo na kubwa. Kungoja ni kazi."

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi. Bwana Nehemia akainua mkono.

"Sijamaliza. Wewe, Anjela, umeniaibisha. Kukufukuza siwezi, wale watu wamekuulizia kwa jina. Lakini nani anakaa kwenye ndege kubwa naamua mimi. Wewe utabaki kwenye hiyo hiyo ndogo hadi ustaafu. Kiti chako nampa Bryson."

Nilitaka kusimama, nikasikia mkono wa Anjela umenishika mkanda kwa nyuma, umenikalisha.

"Liandike hilo nalo," alisema. "Hapo chini. Andika na sababu, nami nitasaini."

Bwana Nehemia aliishika kalamu, akaiangalia, akaiweka. Hakuandika.

"Haya," alisema Anjela. Akauvuta mkataba, akausoma ukurasa kwa ukurasa huku sote tukimngoja, na alipofika mahali palipokuwa na kifungu kile akapapitisha kidole kuhakikisha kwamba hakipo. Kisha akatia saini. Macho yalikuwa yamejaa machozi na hakuyaficha.

Bryson alikuwa kajiinamia. Nilimkazia macho, nikisema moyoni, kataa, we kijana, kataa. Akasema, "Asante, Mkurugenzi."

Anjela akanyanyuka, akazunguka meza hadi alipo, akampa mkono.

"Hongera, mdogo wangu," alimwambia. "Na huko juu wakikungojesha, wakulipe."