Pazia la Mama Funguo

Saa nane mchana, Jumamosi, Mama Funguo anapanda juu ya kiti, anavuta pazia jeusi mpaka mwisho, kisha anatoka nje kuchungulia. Pua inagusa kioo. Haoni kitu. Anacheka peke yake na kwenda kuwafungulia kina mama mlango.

Yeye ndiye mtunza ukumbi huu wa sanaa, na hilo jina ni la funguo zinazolia kiunoni kabla mwenyewe hajafika. Upande wa barabarani, ukuta wote ni kioo. Meneja anaupenda: wapita njia, anasema, wataona sanaa wavutiwe.

Wakavutiwa kweli! Kina mama waliohamia mjini kutoka mbali walipoanza kuimba na kucheza humu kama walivyolelewa, vijana wakajipanga kiooni na simu zao. Video ikasambaa, na vicheko juu yake. Kina mama wakapotea.

“Niliumia, jamani,” anasema Mama Funguo. “Na mimi nilikuja hapa mgeni. Najua kuchekwa kila unapofungua mdomo.”

Meneja akatoa mwezi mmoja: wasiporudi, saa yao wapewe wengine. Mama Funguo hakubishana. Akaomba pazia kuukuu la jukwaani lililokuwa likiliwa na panya stoo, akalipeleka nyumbani kwenye cherehani. Mumewe akanung'unika kwamba sebule imegeuka ya matanga. Akaambiwa ashike upande wa pili apunguze maneno.

Wiki ya mwisho akawapitia kina mama nyumba kwa nyumba. Hakuwabembeleza waimbe, aliwaomba waje kukagua pazia tu. Mkubwa wao, ambaye wote humwita Shangazi, alilikagua kama mtu anayelinunua. Akasimama nje, akaamuru taa ziwashwe, akachungulia tena. Ndipo akaingia, akaimba.

Leo wimbo umekolea. Mama Funguo anapiga makofi nje ya mdundo, nao wanamcheka mpaka wanashikana mabega. Mara Shangazi anaiendea kona ya pazia na kuisogeza mwenyewe, upana wa viganja viwili. Nje amesimama mama mmoja na mtoto mgongoni. Shangazi hanyamazi, anamwonyesha kwa kidevu mlango ulipo.

Mama Funguo anajifuta macho bila kujificha. Furaha imemzidi.

Onyesho lao la kwanza linakuja, na kabla ya siku hiyo anataka pazia liwe na kamba ya kufikika bila kiti. Meneja ameshamuuliza siku hiyo litafunguliwa kiasi gani.

“Nimemwambia akamuulize Shangazi,” anasema. “Kamba naifunga kwa kimo chake.”