Chakula Kizuri, Lakini

"Kama chakula ni kizuri, mbona hakuli?"

Meneja wetu aliniuliza hivyo mlangoni mwa jikoni, katika nyumba ya wazee nilikofanya kazi Hayes, ughaibuni, baada ya chuo. Alikuwa mama wa Kikalasinga, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwa kimechujuka.

Asiyekula alikuwa bibi wa Hong Kong. Mimi peke yangu niliweza kuzungumza naye. Kikantoni nilikisoma jioni chuoni, kwa ubishi tu, kwa kuwa mama yangu aliuliza kitanifaa nini. Maneno ya kupingia kauli nilikuwa nayo yote: sui yin, yaani ingawa; bat gwo, ila ya upole; na daan hai, lakini. Bibi alitumia hilo la mwisho tu.

"Popo," nilimwita, yaani bibi kwa lugha yao, "chakula kizuri?"

"Hou sik." Kizuri. "Daan hai..." Kisha huitazama meza, mikono mapajani.

"Lakini nini, bibi?"

Akarudi kuitazama meza.

Sikuwa mtu wa kuridhika na jibu la kwanza. Nilipunguza chumvi, nikaiongeza, nikaleta wali, nikaleta vijiti. Sahani ilirudi jikoni ilivyotoka. Jumapili mwanawe akaja, akaketi, akamwambia maneno mawili matatu, na bibi akala viazi vyetu vile vile.

"Unaona? Anataka mtoto yake," meneja akasema. "Wewe na digrii yako unatafuta chumvi!"

"Lakini anti, kila siku anaanza kusema kitu..."

"Lakini, lakini! Mzani hauna lakini. Akipungua tena anahamishwa Kent, walishe yeye kwa mpira wa puani. Kijana yake atafika huko saa ngapi, na kazi ya usiku?"

Akapungua. Asubuhi ya kuhama nilimfunga vifungo vya koti, nikamuuliza tena. Akanipapasa shavu, akasema mimi msichana mzuri, daan hai, na gari likaja.

Miaka mingi ikapita. Rafiki mmoja wa Hong Kong akanialika kwao. Chakula kiliwekwa, wazee wakakaa bila kugusa kitu, mpaka mjukuu wao mdogo alipomwita kila mmoja kwa zamu: bibi, kula, babu, kula. Ndipo vijiti vikainuliwa. Nikaelezwa kwamba kwao mzee husubiri wadogo wamkaribishe, na ni aibu kwake kuwakumbusha.