Picha Thelathini na Moja za Nedyalka

Nedyalka Bonchovska hulala kwa vipande. Miaka tisa ya kuuguza wazee wa watu huko Italia imemzoesha hivyo: saa moja na nusu, kikohozi chumba cha pili, anaamka, saa moja nyingine, kengele, anaamka. Akija likizo kijijini kwetu, mwili wake hauamini kwamba hakuna anayemwita. Saa nane za usiku utamkuta amesimama uani na koti la marehemu mumewe, akitazama juu.

Mzee wake wa kwanza, Oreste, mpima ardhi mstaafu wa kiti cha magurudumu, naye alikuwa hapati usingizi. Alikuwa na kamera yenye lenzi pana, na kijisanduku cha ukubwa wa tofali kinachofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Kijisanduku hicho hugeuka taratibu kuifuata mbingu, ili nyota zisitoke kwenye picha kama michirizi. Oreste alitoa amri, Nedyalka akatoa mikono. Mzee alipofariki, watoto wake walimwambia achague kitu cha ukumbusho, wakidhani atachukua saa ya ukutani. Alichukua kamera, stendi na kijisanduku. Vyote vilienea kwenye mkoba mmoja wa mgongoni.

Bila Oreste alianza upya kama asiyejua kitu. Miezi ya kwanza nyota zake zote zilikuwa viluwiluwi, kila moja na mkia. Alipiga magoti kwenye matope, jicho kwenye kidarubini cha kijisanduku, akiitafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo mbingu nzima huizunguka, na mara mbili alilenga nyota nyingine kabisa na kugundua kesho yake. Akajifunza kuikuza nyota kali kwenye kioo cha kamera na kuzungusha pete ya lenzi kwa ncha za vidole mpaka nyota iwe nukta. Pete hiyo huifunga kwa plasta ya vidonda, kwani plasta hazimwishii mfukoni. Akajifunza kupiga picha za dakika moja moja, nyingi, kisha kompyuta izirundike ziwe moja. Picha moja peke yake imejaa chenga. Zikiwa mia na zaidi, chenga zinatulia na mbingu inabaki.

Mwezi wa kumi uliopita alitaka picha moja tu: Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza mbingu, juu ya paa la mama yake. Hapa kwetu huitwa Mabua ya Msimamizi. Wanasema msimamizi mmoja wa arusi aliwaibia jamaa zake mabua ya ngano usiku, yakamdondoka njia nzima. Nedyalka alikuwa anakwenda kumuuguza bibi mpya, mkataba wa miaka miwili, kwenye uwanda wa mpunga karibu na mji wa Vercelli, huko Italia, ambako ukungu na taa hufunika kila kitu. Chumba alichopewa hakina dirisha.

"Nikiamshwa usiku," aliniambia, "nataka kitu cha kwanza kuona kiwe kwetu."

Likizo yake ilikuwa wiki tatu. Ya kwanza ilinyesha, ya pili mwezi uling'aa kama taa ya uwanja wa mpira, ya tatu mawingu yalikaa juu ya milima mpaka Jumatano. Basi dogo la Italia lilikuwa linaondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Alhamisi mchana mbingu ikafunguka. Na Alhamisi usiku ilikuwa zamu yake kwenye mtambo.

Mtambo wa kijiji ni mmoja, na kila nyumba inapikia hapo matunda yake ya plamu yawe rakia, pombe yetu kali. Zamu hupangwa kwa kura mwezi wa nane. Haibadilishwi, hata ufiwe. Ukiikosa, jina lako linakwenda mwisho na plamu zinaoza mapipani. Mama yake Nedyalka ana miaka themanini na moja. Rakia hiyo ndiyo anayompa anayemletea kuni na anayemzolea theluji. Haikuwezekana kuiacha. Mimi nilikuwa na zamu inayofuata, kwa hiyo nilikuwepo.

Alifika na mkokoteni wa mapipa, na mkoba mgongoni. Mzee Gencho, mwangalizi wa mtambo, akamtazama juu ya miwani.

"Wewe mwanangu, umekuja kupika au kupiga watu picha za pasipoti?"

"Za pasipoti ya mbinguni, mzee Gencho. Ya kwako nimeshaiandaa."

"Mimi siendi. Nasikia huko hawapiki."

Tukawasha moto. Nedyalka alikoroga mpaka chungu cha shaba kilipoanza kuchemka, maana usipokoroga plamu zinaganda chini na rakia yote inanuka kuungua. Kisha akapanda mteremko wa nyuma, hatua hamsini hivi, mbali na mwanga wa moto, mahali paa la mama yake linapoonekana. Alining'iniza ndoo ya plamu chini ya stendi ili upepo usiitikise. Akapiga magoti, akalenga kaskazini, akafunga plasta yake. Akaizungushia lenzi soksi yenye chumvi ya moto kuzuia umande. Picha moja ya paa aliipiga kijisanduku kikiwa kimezimwa, ili paa nalo lisiote mkia, kisha akakiwasha na kuiachia kamera ifanye kazi peke yake, dakika kwa dakika. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Alihitaji saa mbili.

Akashuka, akatia kuni, akapanda tena kuangalia. Safari hii alirudi mbio.

"Umande! Lenzi imeziba kama dirisha la bafu. Soksi imepoa."

Wakati huohuo maji ya kwanza ya rakia yalikuwa yanaanza kudondoka kwenye mtungi. Hayo hayanywewi, ni makali na yana sumu, lakini hapa hayamwagwi hata tone. Tunasugulia magoti, tunafutia madirisha, tunampaka kifuani mwenye mafua, tunamwoshea mbwa kidonda. Mzee Gencho alichovya kitambaa chake humo, akakikamua.

"Shika. Hii inatoa hata dhambi."

Nedyalka alikichukua. Hatukufikiri, hata mmoja wetu watatu. Alipanda, akafuta, kioo kikang'aa, akaanzisha upya, akashuka na kuketi juu ya kreti. Ndiyo mara ya kwanza wiki zile tatu nilimwona ameketi.

Hakuweza kupanda tena. Rakia yenyewe ilikuwa imeanza kutoka, na mwenye zamu haondoki: anabadilisha mitungi, anapunguza moto, anaonja. Kichwa kilikuwa kinamwangukia kifuani.

"Usilale, mwanangu. Ikiungua, nitawaambia watu ni rakia ya Kiitaliano."

Saa tano, chungu cha kwanza kilipokwisha, alipanda, nami nikamfuata. Alikuza picha ya mwisho kwenye kioo cha kamera. Kila nyota ilikuwa imevaa mpira wa pamba. Mabua ya Msimamizi yalikuwa yameyeyuka kama mafuta ya nguruwe kwenye kikaango. Maji ya kwanza hubeba mafuta ya plamu, na kitambaa kilikuwa na masizi ya mwaka mzima. Alirudi nyuma, picha baada ya picha, pamba tupu, mpaka akazifikia za kabla ya umande. Hizo zilikuwa safi. Thelathini na moja.

Alifuta lenzi upya kwa ncha safi ya shati lake. Alipoinua macho, mkanda ulikuwa umeinamia ukingo wa mlima, na moshi wa mtambo umelala bonde zima.

"Basi," alisema.

Chini, mzee Gencho aliposikia alichukizwa.

"Kwani kitambaa changu kina kosa gani? Miaka arobaini nafutia miwani yangu."

"Ndiyo maana huoni, mzee."

Mzee alicheka, kisha akasogeza kuni. "Nenda kalale. Nitakumalizia."

"Zamu ni zamu," Nedyalka alijibu.

Akaweka kompyuta juu ya kreti na kuzirundika zile thelathini na moja, huku rakia ikidondoka. Saa nane picha ilikuwa tayari. Chenga zilionekana kila penye giza, kama unga wa semolina. Lakini mkanda ulikuwepo, na mfereji wake mweusi katikati, na paa la mama yake chini. Upande wa kushoto palikuwa na doa la rangi ya machungwa, moto wetu. Aliitazama, kisha akainuka kubadilisha mtungi.

Saa kumi na moja alipanda basi, mikono ikinuka plamu.

Siku kumi na moja baadaye nilipata ujumbe. Ulikuwa na picha ya ukuta: mbingu yetu, imebandikwa pembe zote nne kwa plasta ya vidonda. Chini aliandika: "Bibi ameniita mara tatu. Mara ya tatu niliitazama kidogo kabla ya kuvaa viatu. Mwambie mzee Gencho moto wake unaonekana."

Nilimsomea mzee Gencho pale mtamboni. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Na analala?"

Niliangalia saa ya ujumbe. Ulikuwa umetumwa saa tisa na dakika kumi, usiku.