Msala wa Mama Kizimkazi

Nilipokuwa mdogo, kule Tabora, surua nusura initoe roho. Mama yangu, mzaliwa wa kusini ya Unguja aliyeolewa bara, akaweka nadhiri: nikipona atashona msala, mkeka mdogo wa kusalia, aupeleke mwenyewe kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi. Nikapona. Yeye hakupata nafasi ya kwenda kwa zaidi ya miaka ishirini. Miguu ilipomkataa kabisa, akaushona hivyo hivyo, macho yake karibu yaguse ukili, ule utepe wa ukindu, akanikabidhi mimi.

"Usiuache tu," aliniambia. "Usali juu yake."

Miaka ile ya hamsini, Unguja ilikuwa nchi ya watu, ina sultani wake na stempu zake. Mimi, mwalimu wa shule, nilijitayarisha kiualimu. Nilijaza adabu za Waunguja kwenye daftari, nyingi nikizibuni mwenyewe. Niliposhuka bandarini, mtaa wa Malindi, nilimpa shikamoo kila aliyenipita, hata mchukuzi mmoja niliyemzidi miaka kumi. Alitua gunia lake ili anitazame vizuri. Mjini niliingia duka la vitambaa la Mhindi, na kwa vile sakafu ilikuwa safi mno, nikavua viatu mlangoni.

"Vaa viatu, bwana," mwenye duka alisema kwa upole. "Hapa tunauza kanga."

Nikanunua kanga nisiyoihitaji.

Kesho yake nilipanda gari la shamba hadi Kizimkazi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia zote zilikuwa tope. Mtunzaji wa msikiti, mzee asiyependa maneno mengi, alinionyesha birika la maji uani, akasimama mlangoni kunisubiri. Kati ya birika na mlango kulikuwa na mawe bapa yaliyopangwa hatua kwa hatua. Nilikuwa nimesikia kwamba msikiti ule umezungukwa na makaburi ya watu wema. Nikajua, ndiyo haya. Nikawahurumia wageni wasio na adabu ambao wangeyakanyaga. Nikatia udhu, nikaukumbatia msala, nikayazunguka mawe moja moja kwenye tope, midomo ikienda.

Mzee aliitazama miguu yangu. "Rudi ukakoshe."

Nikarudi, nikaiosha, nikayazunguka tena, safari hii nikisoma kwa sauti ili asikie. Akaitazama tena. "Rudi."

Mara ya tatu niliogopa kwelikweli. Niliona nikirudi Tabora na msala mkononi, na mama akiutambua kabla sijafika kitandani kwake.

"Mbona hupiti juu ya mawe?" mzee aliuliza.

"Siwezi kukanyaga makaburi, sheikh."

Akanyoosha kidole. "Makaburi yale kule, ukutani. Haya tumeweka ili mtu asiingie na tope. Nshakuona mara tatu unayasomea fatiha."

Nikarudi nikakosha mbiombio, kisha nikapita juu ya mawe, nimeinamisha kichwa. Nikautandika msala mbele karibu na kibla, nikasali rakaa mbili. Niliposimama, nikaona alama ya kisigino changu katikati ya ukili mpya, ya udongo mwekundu. Haraka zangu birikani zilikuwa zimeacha tope kisiginoni. Nikaifuta kwa pindo la kanzu, ikazidi kutanda.

"Wacha," alisema mzee. "Watu watausalia hivyo hivyo."

Nilitoka nikiwa na hamu ya kulia. Mama alikuwa amengoja miaka yote ile, na mimi na daftari langu tumemharibia kwa dakika moja.

Njia nzima nilitunga maelezo mazuri ya safari. Nilipofika na kuketi ukingoni mwa kitanda, yote yakanipotea. Nikamwambia ukweli: nimesali, lakini nimeuchafua, na doa la mguu wangu limebaki palepale katikati.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaushika mguu wangu, ungali na vumbi la stesheni.

"Waliache hapo hapo," alisema. "Mimi niliomba uishi. Sikuomba uwe nadhifu."