Mama wa Ng'ambo na Mikoko

Huyu mama aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji hapandi mkoko bila kuuonya. Anausimamisha topeni kwa mikono yake mipana na kuupapasa: “Simama, mwanangu, usinitie aibu.” Kisha anacheka mpaka kanga inamdondoka, nasi wanakijiji wa Msimbati anatuambukiza. Juzi kikundi chetu cha kutunza mikoko kilikaa kuamua kama mgeni huyu aingie. Mwenyekiti akasitasita, eti hatumjui, utadhani yeye kazaliwa mkokoni. Mara mama huyo, tope mpaka magotini, akatokea akiburuta beberu. “Shikamoo, mwenyekiti. Mbuzi wako anakula mikoko yetu. Utamfunga, au nimfunge mimi?” Tulicheka tukashika mbavu. Mwenyekiti akajifuta jasho. “Mwingizeni, jamani, kabla hajaniburuta na mimi!”